Kutunza Juisi ya Vepu Kwenye Joto la Kisumu: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maelezo haya ni ya watu wazima ambao tayari wanatumia vepu, yaani sigara ya kielektroniki inayogeuza juisi kuwa mvuke. Kama hujaanza, tunakusihi usianze: nikotini humshika mtu upesi na kumwachia kwa shida. Tunaposema juisi tunamaanisha kile kimiminika kinachotiwa kwenye tangi, yaani propilini glaikoli (lebo huandika PG), gliserini (VG), vionjo, na mara nyingi nikotini. Nyuzi zote za joto ni za Selsiasi.

Kweli joto la huku linatosha kuharibu juisi?

Linatosha, ila si kwa siku moja. Kisumu iko takriban mita 1,130 juu ya usawa wa bahari, kando ya ziwa na karibu kabisa na mstari wa Ikweta. Mchana wa kawaida hufika nyuzi 29 au 30, na kati ya Januari na Machi hupita hapo. Lebo nyingi husema juisi iwekwe mahali penye ubaridi, pakavu na penye giza. Aliyeiandika lebo hiyo ana picha ya kabati la nyuzi 15 hadi 25, na kabati kama hilo ni adimu katika mitaa ya Kondele au Nyalenda saa nane mchana.

Wanakemia wana kanuni ya kukadiria: joto likipanda nyuzi 10, kemikali nyingi hubadilika kwa kasi karibu mara mbili. Basi juisi ambayo ingedumu miezi kumi na miwili kwenye nyuzi 20, ihesabie miezi sita kwenye nyuzi 30 na mitatu kwenye nyuzi 40. Ni makadirio tu, lakini yanaeleza kwa nini chupa mbili za aina moja, moja ikikaa Kisumu na nyingine Nakuru, hazifanani baada ya nusu mwaka. Nakuru iko karibu mita 1,850 na usiku wake ni wa baridi. Hata hivyo bati lililopigwa na jua halijali uko mji gani.

Ni kitu gani hasa kinachoharibika ndani ya chupa?

Nikotini huanza. Ikiwa safi haina rangi, au ina umanjano hafifu tu. Ikikutana na oksijeni hugeuka manjano, kisha rangi ya asali, na mwisho kahawia kama chai ya rangi. Joto na mwanga huharakisha safari hiyo. Nguvu yake hupungua kidogo kidogo, na mvuke huanza kukwaruza koo kama pilipili manga.

Vionjo hufuata, na hapa ndipo tunapotaka usome polepole. Vionjo vya matunda ni vyepesi na huruka: chupa ya embe ikifunguliwa kila mara kwenye chumba cha joto, embe huondoka na utamu hubaki peke yake. Vanila na mdalasini ni aldehidi, aina ya kemikali. Hizi hushikana polepole na propilini glaikoli na kuzaa kitu kipya kinachoitwa asetali, ambacho kinaweza kuwasha njia ya hewa kuliko kionjo chenyewe. Vionjo vya krimu, siagi na kastadi vingi vina asetoini, na asetoini ikikaa sehemu yake hugeuka kuwa diasetili, kwa kasi zaidi nikotini ikiwemo. Diasetili ndiyo iliyohusishwa na ugonjwa mbaya wa mapafu kwa wafanyakazi wa viwanda vya bisi nchini Marekani. Kwa hiyo juisi ya kastadi iliyozeeka kwenye joto ina kasoro zaidi ya ladha mbaya, na usimwonee huruma aliyeinunua ghali. Itupe.

Propilini glaikoli na gliserini zenyewe ni sugu. Shida yao ni kwamba hunyonya unyevu wa hewa, na hewa ya kando ya ziwa ina unyevu wa kutosha. Chupa iliyoachwa wazi usiku kucha hunywa maji, na juisi yenye maji hurukaruka kwenye koili, yaani waya unaoipasha moto, na kukuchoma ulimi.

Nyumba yangu ni ya mabati, haina dari. Niweke wapi?

Chini. Hewa ya joto hupanda, na bati la saa nane mchana huipasha zaidi. Juu ya kabati la nguo, mahali ambapo wengi huficha vitu wasivyotaka viguswe, ndipo penye joto kali kuliko pote chumbani. Chini ya kitanda, sakafu ya saruji ikiwa imekauka, panaweza kuwa na nyuzi kadhaa pungufu.

Usikisie, pima. Nunua kipimajoto cha kawaida cha ukutani. Kiweke juu ya kabati nusu saa, usome. Kiweke kwenye rafu ya katikati nusu saa, usome. Halafu sakafuni. Fanya hivyo saa nane mchana na tena saa kumi na moja, kwa sababu ukuta unaotazama magharibi hunywa jua la alasiri na kuutema moto wake ndani jioni, wakati nje kumeshapoa. Chagua ukuta usiopigwa na jua hilo. Huna kipimajoto? Weka kipande cha chokoleti ndani ya mkebe mahali unapopafikiria. Siagi ya kakao huyeyuka kati ya nyuzi 32 na 35, kwa hiyo chokoleti ikilegea na kushika vidole, hapo si pa kuweka juisi.

Sasa tatizo lenyewe. Mahali penye ubaridi ni chini, na chini ndiko anakotambaa mtoto. Ushauri unaosikika kila mahali wa kuweka dawa na sumu juu, wasikofika watoto, unakupeleka moja kwa moja kwenye bati. Njia tunayoiamini ni sanduku la bati la wanafunzi wa bweni, lile la kufuli linalouzwa kila mji. Liweke sakafuni penye kivuli. Bati hupitisha ubaridi wa saruji vizuri, giza ndani ni kamili, na kufuli ni kufuli. Chupa zisimame wima ndani ya mkebe wa plastiki wenye mfuniko ili moja ikivuja isiloweshe nyingine. Ufunguo utundike juu kabisa, kwa kuwa ufunguo haujali joto.

Kama nyumba ina mtoto na huna mahali pa kufunga, basi chagua juu, kwenye joto, na ukubali juisi iharibike mapema. Chupa hununuliwa nyingine.

Je, naweza kuweka kwenye friji?

Unaweza, na kwa chupa usizozifungua bado ni mahali pazuri. Friji ya nyumbani huwa na nyuzi 4 hivi. Juisi huwa nzito kama asali ya asubuhi, lakini haigandi. Hata friza ya nyuzi 18 chini ya sifuri huifanya nzito tu.

Zingatia haya. Ifungie ndani ya mkebe wenye kufuli au mfuko mzito uliofungwa na kuandikwa SUMU kwa kalamu nene, uwe rafu ya nyuma, mbali na chakula. Chupa nyingi za juisi zina rangi za peremende na picha za matunda, na anayefungua friji kwa kiu hasomi lebo ndogo. Usiiweke mlangoni, kwa sababu mlango hupata joto kila unapofunguliwa.

Unapotoa chupa, iache ifikie joto la chumba ikiwa bado imefungwa, saa moja au mbili kwa chupa ya mililita 60. Ukiifungua ikiwa baridi, unyevu wa hewa hutua ndani yake kama umande. Kisha itikise dakika moja. Kilichotoka friji kimetoka: usiwe unaitoa asubuhi na kuirudisha jioni, kwa sababu kila mzunguko huvuta hewa na unyevu. Chupa ya wiki hii ikae sandukuni, akiba ikae friji.

Stima hupotea kila mara, au sina friji kabisa. Nifanyeje?

Stima ikipotea saa chache hakuna hasara. Friji iliyofungwa hushika ubaridi, na juisi si nyama.

Asiye na friji ana mtungi. Chukua mtungi wa udongo usiopakwa rangi, uweke juu ya mchanga uliolowa ndani ya karai, na uufunike kwa gunia bichi. Maji yanapokauka kupitia udongo hubeba joto, na ndani panashuka nyuzi kadhaa. Chupa ziwe ndani ya mkebe usiopitisha maji, kwa kuwa ndani ya mtungi kuna unyevu mwingi. Lowesha mchanga asubuhi na saa saba mchana. Weka mahali penye upepo na kivuli. Mtungi unaobana ndani ya kabati haupoi.

Ujue mipaka yake. Njia hii hutegemea hewa kavu. Nakuru mwezi wa Februari hufanya kazi vizuri kuliko Dunga ufukweni, na msimu wa mvua ndefu husaidia kidogo sana popote. Mtungi pia hauna kufuli. Kwa nyumba yenye watoto, sanduku ni bora.

Chupa ya plastiki au ya kioo?

Kwa kutunza muda mrefu, kioo cha kahawia, chenye mfuniko wa kawaida wa kuzungusha. Ule mfuniko wenye kifuko cha mpira cha kunyonyea ni mzuri wa kutumia na mbaya wa kutunzia. Mpira hupitisha hewa, joto huukausha ukapasuka, na nikotini huuchakaza ukawa unanata. Tumeona juisi nzuri ikiwa nyeusi shingoni kwa ajili ya kifuko hicho tu.

Kati ya plastiki, ile ngumu na angavu kama ya chupa ya maji ya kunywa, yaani PET, huzuia oksijeni vizuri. Ile laini ya kuminya, yenye weupe wa maziwa, hupitisha hewa kidogo kidogo kupitia ukuta wake. Inafaa kwa mwezi mmoja wa matumizi, si kwa akiba ya mwaka. Chupa angavu izungushie karatasi ya foili au uifunge kwenye soksi nyeusi.

Jambo kubwa kuliko aina ya chupa ni hewa iliyo ndani. Chupa ya mililita 100 yenye mililita 30 zilizobaki ina mililita 70 za hewa, na kila ukifungua unaingiza hewa mpya. Hamishia kwenye chupa ya mililita 30 ijae hadi shingoni. Chupa ndogo tano zilizojaa hudumu kuliko moja kubwa iliyo nusu.

Tahadhari hapa, na tunaiomba kwa moyo wote. Chupa laini ya mililita 10 yenye ncha ya kudondoshea inafanana kabisa na chupa ya dawa ya macho. Gizani, mtu akiamka usiku na jicho linalowasha, huishika na kudondosha. Usiitunze karibu na dawa hata siku moja. Na usihamishie juisi kwenye chupa ya dawa, ya soda wala ya maji.

Juisi yangu imekuwa kahawia. Imeharibika?

Si lazima. Vanila, karameli na kahawa hukoza rangi zenyewe ndani ya wiki chache hata zikitunzwa vizuri. Juisi ya limau au mnanaa iliyokuwa kama maji ikawa kahawia, hiyo ni nikotini iliyooksidika.

Dondosha matone mawili kwenye karatasi nyeupe. Kama una chupa mpya ya aina ileile, dondosha kando yake ulinganishe. Nusa. Harufu ya tumbaku chakavu, ya samaki au ya pilipili kwenye juisi ya matunda ni mwisho wake. Tazama dhidi ya mwanga: vipande vinavyoelea, ukungu mweupe, au tabaka mbili zisizoungana baada ya kutikisa dakika mbili, tupa. Usionje kwa ulimi. Na chochote chenye mafuta yanayoelea juu kisiguse koili. Mafuta hayana kazi mapafuni.

Juisi ya chumvi ya nikotini huvumilia joto zaidi?

Kwa kawaida ndiyo, kidogo. Asidi iliyotiwa humo, mara nyingi ya benzoiki, huishika nikotini katika umbo ambalo oksijeni hulishambulia polepole. Lakini huuzwa ikiwa na nguvu, miligramu 20 hadi 50 kwa mililita, hivyo hatari yake kwa mtoto ni kubwa. Itunze sawa na nyingine, na kufuli iwe ya kwanza.

Nimesikia juisi huiva haraka ikiwekwa juani. Ni kweli?

Jua hukoza rangi, na watu huiona rangi wakadhani ni kuiva. Kinachoitwa kuiva ni vionjo kuchanganyika sawasawa na gliserini nzito. Kinahitaji muda na kutikiswa tu. Juisi ya matunda hutosheka na siku chache, ya kastadi au tumbaku wiki mbili hadi nne. Iache imefungwa gizani, itikise mara moja kwa siku. Joto la huku linakufanyia kazi hiyo bila kuulizwa. Kuiacha chupa wazi ipumue usiku kucha ni kuilisha oksijeni na unyevu kwa mkono wako mwenyewe.

Kwa nini tangi huvuja nikitoka Kisumu kwenda Nakuru?

Kwa sababu unapanda mlima ukiwa umebeba hewa ya ziwani. Shinikizo la hewa Kisumu ni karibu hektopaskali 885. Kericho, mita 2,000 hivi, ni karibu 795. Hewa uliyoifungia kwenye tangi hutanuka takriban asilimia 11 ikifika huko. Tangi lenye mililita moja ya hewa linatafuta nafasi ya zaidi ya moja ya kumi ya mililita, matone mawili hivi, na njia pekee ni kupitia koili hadi mfukoni mwako. Mbele ya Kericho barabara hupanda zaidi ya mita 2,400 kabla ya kushuka Salgaa, kwa hiyo matone huongezeka.

Ongeza joto la matatu. Gliserini kwenye nyuzi 40 ina uzito wa kutiririka kama moja ya tano tu ya ulivyo kwenye nyuzi 20. Juisi iliyokuwa ikijishikilia kwenye pamba ya koili sasa inapita kama maji.

Dawa ni rahisi: safiri na tangi tupu. Kama huwezi, lijaze kabisa ili hewa ibaki kidogo, funga matundu ya hewa kama kifaa chako kina njia ya kuyafunga, na ulisimamishe wima, si kulilaza kwenye mkoba. Chupa zifunge ndani ya mfuko wa nailoni. Ukifika, fungua kila chupa polepole, ikiwa wima, ncha ikitazama mbali na uso. Kurudi Kisumu mambo hugeuka: chupa laini hufika imebonyea, na tangi hunyonya hewa badala ya kuvuja.

Naweza kuiacha kwenye gari?

Hapana. Gari lililofungwa juani hupita nyuzi 50 ndani, na juu ya dashibodi huzidi hapo. Saa moja haiiui chupa, lakini kila siku kwa mwezi itaiua. Chini ya kiti, ndani ya mkoba wa chakula wenye pamba ya kuhifadhi baridi, panavumilika kwa safari fupi. Mwenye bodaboda asiiweke kwenye kisanduku cha chini ya kiti karibu na injini. Mfuko wa ndani wa jaketi ni afadhali. Mfuko wa suruali una joto la mwili, nyuzi 30 na zaidi siku nzima, basi beba chupa ya mililita 10 uache kubwa nyumbani.

Vepu za kutupwa, ambazo juisi yake imo kwenye pamba ndani, zina betri ya lithiamu. Hizo joto la gari ni hatari ya moto, si ya ladha pekee. Pia usiziweke friza.

Je, ni bora kununua ambayo haijatiwa nikotini?

Kwa joto letu, mara nyingi ndiyo. Chupa ya mililita 60 yenye mililita 50 za juisi bila nikotini hudumu zaidi, kwa sababu kinachooksidika upesi hakimo. Siku unayoanza kuitumia, ongeza chupa ndogo ya mililita 10 yenye miligramu 18 kwa mililita. Hesabu: 10 mara 18 ni miligramu 180, gawanya kwa mililita 60, unapata miligramu 3 kwa mililita. Vaa glavu za nitrili, fanyia juu ya sinia yenye karatasi ya gazeti, tikisa dakika mbili, andika tarehe.

Anayenunua nikotini nzito ya miligramu 100 kwa mililita anashika sumu ya viwandani. Kama si lazima, usiingize nyumbani. Kama unayo, igawe kwenye chupa ndogo za kioo cha kahawia zilizojaa hadi juu, zifungwe na kufuli, ziwekwe friza.

Hudumu muda gani kwa jumla?

Fuata tarehe ya lebo kwa chupa isiyofunguliwa, ambayo mara nyingi ni mwaka mmoja hadi miwili tangu kutengenezwa, kisha ipunguze kwa nusu kama imekaa kwenye joto. Ikishafunguliwa, miezi mitatu kwa chumba cha huku, sita ikiwa sehemu yenye ubaridi wa kweli. Andika tarehe ya kufungua kwenye mkanda wa karatasi, si kwenye lebo, kwa sababu juisi hufuta wino wa lebo. Na unaponunua, tazama chupa ilikuwa wapi dukani. Iliyopangwa kwenye kioo cha mbele kinachopigwa na jua la magharibi ni ya zamani hata kama tarehe yake ni mpya. Nunua ya mwezi mmoja tu. Bei nafuu ya chupa sita haikusaidii nne zikiharibika.

Nina duka. Nifanye nini na mali?

Kwenye dirisha weka makasha matupu, chupa zenyewe ziwe nyuma, rafu ya chini, ndani ya kabati linalofungwa. Iliyoingia kwanza itoke kwanza. Kipimajoto kitundikwe kwenye rafu, si mlangoni. Ushuru wa bidhaa hapa Kenya hutozwa kwa kila mililita ya nikotini ya maji, kwa hiyo kila chupa inayopikwa na jua umeilipia ushuru tayari. Na aliye chini ya miaka 18 asiuziwe wala asitumwe dukani. Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya mwaka 2007 inakataza kumuuzia mtoto bidhaa za tumbaku, na juisi ya nikotini haistahili ulinzi mdogo kuliko sigara.

Mtoto amemeza, au imemwagika mwilini. Haraka!

Usingoje dalili. Kijiko kimoja cha chai, mililita 5, cha juisi ya miligramu 20 kina miligramu 100 za nikotini. Hiyo ni hatari ya kufa kwa mtoto mdogo.

Futa kinywa chake kwa kitambaa kibichi. Usimtapishe. Usimpe maziwa, mafuta wala maji ya chumvi, hata kama jirani anasisitiza. Kama nguo zimelowa, zivue na umwoshe kwa sabuni na maji mengi, kwa kuwa nikotini hupenya ngozi. Ikiingia jichoni, mimina maji safi mfululizo dakika 15. Akilegea au akipata degedege, mlaze ubavu. Nenda hospitali iliyo karibu yenye huduma ya dharura, ukiwa na chupa mkononi, ili daktari asome nguvu yake. Walio mjini Kisumu wana hospitali ya rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga. Nambari za dharura ni 999 na 112.

Dalili za kwanza ni kutapika, mate mengi, jasho, kupauka na moyo kwenda mbio. Baadaye huweza kuja udhaifu, usingizi na pumzi fupi. Mtoto aliyetapika kisha akatulia huenda hajapona. Anaweza kuwa anazidiwa.

Nitupeje iliyoharibika?

Usiimwage kwenye sinki, mtaro au choo cha shimo kilicho karibu na kisima. Nikotini ni sumu kwa samaki na wadudu wa majini, na mitaro mingi ya mji huu mwisho wake ni ziwani. Vaa glavu. Mimina juisi kwenye vumbi la mbao au vipande vya gazeti ndani ya mfuko wa nailoni hadi inyonywe yote, funga, weka ndani ya mfuko wa pili, ufunge tena. Ufungie sandukuni hadi siku ya gari la taka, umpe mzoaji mkononi na umwambie kilichomo. Usiuache nje usiku, mbwa huchana mifuko.

Chupa tupu ina matone ya kutosha kumdhuru mtoto anayeinyonya. Isuuze kwa maji kidogo, uyamimine maji hayo kwenye vumbi lilelile la mbao. Kisha ile ya plastiki ikate katikati kwa mkasi, ili asiwepo mtu wa kuiokota na kuitilia dawa ya macho.